Waya Mwembamba

1

Mparachichi ndio uliomfanya Mama Atuganile apige simu.

"Fundi, macho yako yananidanganya," alisema, bila hata salamu. "Nimesimama hapa chini ya mti wangu. Macho yanasema mti una maua. Mkono umeshika tunda zito, limekomaa, bado kuchumwa tu. Sasa nimwamini nani?"

Subilaga alikuwa dukani kwake Tukuyu mjini, bisibisi mkononi. Aliiweka mezani taratibu.

"Tangu lini, mama?"

"Sijui. Jana nimejikwaa kwenye ndoo ambayo sikuiona. Juzi nimemwagia chai mkeka, naona kikombe kipo pale, kumbe hakipo. Nikasema uzee. Lakini uzee hauoti maua kwenye mti wenye matunda."

"Kaa chini, mama. Usipike, usikate chochote. Nakuja."

Njiani, pikipiki yake ya umeme ikipanda kilima kati ya mashamba ya chai, Subilaga alikuwa akihesabu kichwani mambo yanayoweza kuharibika. Aliijua ile mitambo ya macho kama anavyojua jiko lake. Ni yeye aliyeifunga, miaka mitatu iliyopita, na katika watu ishirini na wawili aliowarudishia macho wilayani, Mama Atuganile ndiye aliyempenda zaidi.

Mwanamke huyo alikuwa mkaguzi wa majani kiwandani kwa miaka thelathini. Walimletea chai iliyokaushwa, akaimwaga kwenye sahani nyeupe, akaitazama tu, akasema hii imechelewa kuchumwa, hii imelala usiku mmoja kwenye gunia, hii ni ya bonde la mashariki. Kisha presha ya macho ikamchukua, jicho moja kwanza, la pili baadaye. Akakaa gizani miaka minane. Mumewe, Ambwene, aliyekuwa dereva wa lori la kiwanda hicho hicho, akamshika mkono miaka yote hiyo minane, hadi siku Subilaga alipokuja na sanduku lake.

Alipofika, mama alimpokea mlangoni, miwani yake minene usoni. Kwenye fremu ya miwani hiyo kulikuwa na kamera mbili ndogo kuliko punje za ulezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita. Mzee yupo, amekaa kitini kwake kama chifu."

Subilaga aliingia sebuleni, akageukia kiti cha dirishani ili aamkie. 

Mtu aliyekaa pale alikuwa amevaa sweta mbili na kofia ya sufu. Ndani ya nguo hizo hapakuwa na mtu mzima. Palikuwa na mifupa ya mtu. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Weupe wa macho ulikuwa umegeuka manjano. Subilaga alimwona Ambwene mara ya mwisho kwenye sikukuu ya mavuno kanisani, na hakuwa huyu.

Mzee aliinua kidole kimoja, akakiweka midomoni.

"Unamwona?" alisema Mama Atuganile kwa fahari nyuma yake. "Kila siku anasema anaumwa tumbo, hali chakula changu, lakini mtazame. Uzee umempenda. Uso uko vile vile."

"Shikamoo, baba," Subilaga alisema hatimaye.

"Marahaba," sauti ikajibu. Sauti ilikuwa yake kabisa, nzito, yenye kicheko chini yake. "Karibu fundi. Tutibie macho ya bibi huyu, ameanza kugombana na miti."

2

Alianza na mambo madogo, kama fundi yeyote anayetaka kuipa akili yake muda.

Kompyuta mpakato ilikuwa mahali pake kwenye meza ya pembeni, kitambaa cha kufuma kikiwa kimetandikwa chini yake. Peke yake ilikuwa kompyuta dhaifu, ya kuandikia barua. Nguvu yote ilikuwa kwenye kisanduku cheusi kilichokaa ubavuni, kikubwa kama mkate wa boflo, chenye feni na kadi ya michoro ndani yake. Kamera za miwani zilirusha picha hewani hadi kwenye kompyuta. Kompyuta ikazipeleka kwenye kadi. Kadi ikazisafisha, ikazitafsiri kwa lugha inayoeleweka na kipande kidogo kilichopandikizwa kwenye ubongo wa mama, kisha ikazirudisha. Yote hayo kwa muda mfupi kuliko kupepesa kope. Na kati ya kompyuta na kisanduku kulikuwa na waya mmoja tu.

"Mama, nazima. Utaona giza kidogo."

"Giza nalijua, zima tu. Lakini usinikawize."

Aliwasha kisanduku kwanza, akahesabu hadi kumi, ndipo akawasha kompyuta, kwa sababu kompyuta ikiamka kabla ya kisanduku hudhani haina mgeni. Kadi ikatambulika. Feni ikazunguka. Mama akasema anaona, na mti una maua.

Aliondoa programu endeshi ya kadi, akaiweka upya. Maua. Akafungua kisanduku, akachomoa kadi, akapuliza vumbi, akaisafisha meno kwa kitambaa, akairudisha hadi ikalia "kle". Maua. Akapima umeme kutoka kwenye soketi, akidhani labda kadi inakufa njaa. Umeme ulitosha. Kwenye skrini, kadi ilionekana nzima, yenye afya, na isiyo na kazi. Ilikuwa ikitumia sehemu tano katika mia ya nguvu zake, kama mtu aliyeitwa kulima shamba zima kisha akapewa kijiko.

Ndipo alipoushika waya.

Waya aliouacha yeye miaka mitatu iliyopita ulikuwa mfupi, mnene, mgumu kukunja. Huu ulikuwa mwembamba na laini kama utambi. Vichwa vyake vilifanana na vya ule wa kwanza kama mapacha, na ndiyo sababu jicho lake lilikuwa limeupita mara mbili. Lakini ulikuwa waya wa kuchajia simu. Ulipitisha umeme vizuri. Picha ulizipitisha tone kwa tone.

 Kama picha zilikuwa zinapita tone kwa tone, basi Mama Atuganile alikuwa anaona nini?

Alijua jibu. Alikuwa anaona Kijazo.

Zamani, mitambo hii ilipokuwa mipya, mawasiliano yakikatika mtu aliingia gizani ghafla, hata akiwa katikati ya barabara. Watu waliumia. Watengenezaji wakaongeza sehemu ya programu waliyoiita Kijazo: picha isipofika, programu inachora yenyewe kutokana na ilichokwisha kukiona. Ilikuwa kwa sekunde moja, mbili, hadi mawasiliano yarudi. Hakuna aliyefikiria kwamba ingechora kwa wiki nzima. Na ili mtu asidanganyike, waliweka nukta ya njano kwenye kona ya anachokiona: ukiiona nukta, ujue unaona kumbukumbu.

Mama Atuganile hakuwa na nukta. Wiki ya kwanza kabisa alikuwa amelalamika kwamba nukta ile ni kama nzi aliyekwama pembeni mwa jicho. Subilaga akaiondoa, pamoja na onyo la sauti lililoambatana nayo. Kanuni zilikataza. Alikumbuka vizuri kwamba alicheka alipokuwa akiiondoa.

Alifungua daftari la mitambo, mahali ambapo kompyuta huandika kila hitilafu na kuhifadhi picha ghafi ambayo kamera ziliiona wakati huo. Mstari wa kwanza wa waya mwembamba ulikuwa wa miezi sita nyuma, na wiki za karibuni hitilafu zilikuwa zimeongezeka maradufu. Chini yake kulikuwa na maelfu ya picha. Alifungua moja. Ambwene kitini, mashavu yakiwa ndiyo yameanza kubonyea. Akafungua ya jana. Akaifunga haraka.

"Umeona tatizo?" aliuliza mama kutoka jikoni.

"Nalitafuta bado, mama. Ngoja nikaangalie waya wa nje kwanza."

Ambwene alikuwa tayari amesimama, ameshika ukuta, anamfuata.

3

Walisimama nyuma ya nyumba, kwenye banda la kuni. Mzee alijiegemeza kwenye nguzo akivuta pumzi kama aliyepanda mlima.

"Wewe ndiye uliyebadilisha waya, baba."

"Mimi ndiye." Aliingiza mkono ndani ya sweta, akatoa ule mnene, uliokunjwa vizuri na kufungwa kwa mpira, akamkabidhi. "Sikuutupa. Mimi si mharibifu. Wewe mwenyewe uliniambia, siku ile unaufunga, kwamba ukiwekwa waya mwembamba mashine itaanza kukumbuka badala ya kuona."

"Kwa nini?"

"Niangalie."

Subilaga alimwangalia.

"Ni ini," alisema Ambwene. "Madaktari wa Mbeya wamesema hakuna cha kufanya ila dawa za maumivu. Walisema miezi. Hawakusema mingapi. Siku ile unamfungulia macho, ulikuwepo. Mtu wa kwanza aliyemwona ni mimi. Unakumbuka alichosema?"

Alikumbuka. Mama alimtazama mumewe muda mrefu, machozi yakimtoka chini ya miwani, kisha akasema, "Kumbe hukuharibika sana," na wote watatu wakacheka hadi wakashika mbavu.

"Nataka abaki na huyo," mzee akasema. "Huyu mwingine mimi mwenyewe simtaki kwenye kioo. Kwa nini nimpe yeye?"

"Ana haki ya kujua, baba. Ni mkeo."

"Kujua atajua. Nitamwambia naumwa, kwa mdomo wangu. Hiyo ni kazi yangu, si ya mashine. Sura tu ndiyo ninayoomba nisitiriwe. Nipe hadi Jumapili ya pili kutoka leo. Nikishamwambia, njoo na waya wako."

"Na mkono wake? Akikushika hajui kwamba umekwisha?"

"Siku hizi nalala chumba kingine, nimesingizia kikohozi. Navaa sweta." Aliona aibu kidogo. "Juzi alinishika kifundo cha mkono.  Kisha akaniangalia usoni, akasema, 'Nilifikiri umekonda.' Anaamini macho, mwanangu. Miaka minane aliyalilia."

"Baba, anajikwaa. Kesho atamwagikiwa na maji ya moto. Siwezi kuacha hivi."

Ambwene alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Ndiyo maana wewe ni fundi," alisema.

Baadaye, kwa miezi mingi, Subilaga alirudi kwenye sentensi hiyo. Hakuwa ameshawishika na machozi, maana mzee hakulia. Kilichomshawishi ni ile sentensi. Kumkatalia mzee anayekufa kulikuwa kugumu. Kutafuta ufumbuzi ilikuwa kazi yake ya kila siku, na aliifanya vizuri. Kabla hajatoka bandani tayari akili yake ilikuwa imeshaanza kupanga.

Kwenye mkoba wake alikuwa na waya wa kati, si mnene si mwembamba. Ungepitisha kama nusu ya picha. Aliuchomeka, kisha akakaa mbele ya kompyuta akachagua nusu ipi. Vitu vyote vya nje vichorwe kweli. Chochote kinachotembea kichorwe kweli, na sakafu anayokanyaga, na mikono yake mwenyewe na kinachoshikwa nayo. Kilichobaki, yaani vitu vilivyotulia ndani ya nyumba na sura za watu anaowajua, Kijazo kivitunze. Ndani ya nyumba hakuna kinachobadilika, alijisemea.

Likabaki daftari la mitambo. Kila ukaguzi wa mwaka kompyuta ilikuwa ikimsomea mama taarifa hizo kwa sauti, na ukaguzi huo ulikuwa unakaribia. Kama daftari lingebaki, lingesema yote. Kompyuta ikauliza kama ana uhakika anataka kufuta taarifa pamoja na picha zake zote. Akabonyeza ndiyo, kisha akaliamuru lisiandike chochote hadi atakaporudi.

"Mama, njoo ujaribu."

Mama Atuganile alitoka uani. Walimsikia akicheka kabla hawajamwona. Alirudi na maparachichi matatu kwenye upande wa kanga.

"Yamekomaa! Kumbe yamekomaa na mimi naangalia maua kama bibi harusi. Ilikuwa nini?"

"Waya, mama. Ulikuwa umechoka."

"Na mimi nimechoka, lakini sianzi kuota mambo." Akamwekea matunda mkononi. Kisha akageuka akamtazama mumewe kitini, akamtazama kwa raha, kama mtu anayekagua kitu alichokwisha kukipa daraja la kwanza. "Mzee, mshukuru fundi."

"Nimeshamshukuru," alisema Ambwene.

4

Jumapili ya kwanza ikapita. Jumapili ya pili Subilaga alikuwa na mgonjwa wa macho huko Busokelo, akajiambia atapiga simu jioni, na jioni hakupiga. Alipiga Jumanne.

"Bado kidogo," alisema Ambwene. Sauti yake ilikuwa ndogo sasa. "Nimemwambia nusu. Nimesema ni vidonda vya tumbo."

"Baba, tulikubaliana."

"Najua. Nipe wiki hii."

Angeweza kwenda. Ni mwendo wa nusu saa. Waya mnene ulikuwa mkobani mwake, umefungwa kwa mpira ule ule, na kila alipotafuta bisibisi vidole vyake viliugusa. Lakini kwenda kulikuwa ni kusimama mbele ya mama na kusema, nilikudanganya. Wiki hiyo ikapita, na nyingine ikaanza.

Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, simu ikalia. Alikuwa Bupe, jirani yao.

"Dada Subilaga, mzee ametutoka."

Alifika msibani mchana huo huo. Wanawake walikuwa wamejaa sebuleni, wameketi mikekani. Mama Atuganile alikuwa katikati yao, ameshika miwani mkononi, amefumba macho. Hakutaka kuivaa. Kila aliyejaribu kumvalisha alimsukuma.

Bupe alimvuta Subilaga kando, karibu na tangi la maji. Alihitaji kumwambia mtu.

"Alikuja kwangu saa nne asubuhi," alisema. "Amekasirika. Anasema, 'Bupe, njoo uniamulie, mwenzangu amenuna. Tangu saa moja amekaa pale kitini, namwongelesha hajibu, chai nimemwekea hadi imepoa. Kisa jana nilimwambia yeye ndiye aliyezidisha chumvi.' Nikaja nacheka, dada. Nikaingia na kicheko changu. Kitini hakuna mtu. Kuna sweta imetundikwa kwenye mgongo wa kiti, na blanketi. Nikamwuliza, mzee yuko wapi? Akanionyesha kiti. 'Huyo hapo,' anasema, 'si unamwona?'"

Subilaga alishika ukingo wa tangi.

"Nilimkuta bafuni. Ameanguka nyuma ya mlango, mlango umejifunga, na redio ya jikoni inapiga kwaya. Mwili ulikuwa bado una joto. Daktari anasema huenda alikuwa hai hadi saa tatu na zaidi. Saa mbili zote, dada. Mama anaongea na sweta, na mwenyewe yuko hatua kumi." Bupe alijifuta uso kwa upande wa kitenge. "Watu wanasema mama amechanganyikiwa kwa uchungu. Labda. Lakini alikuja kwangu kabla ya uchungu."

Sweta haitembei. Kiti hakitembei. Ndani ya nyumba, kilichotulia, Kijazo kikitunze. Programu ilikuwa imemwona Ambwene kwenye kiti hicho, kwenye sweta hiyo, kila asubuhi kwa miaka mitatu. Ilifanya kile ilichoamriwa.

Siku tatu za msiba, Subilaga alipika, aliosha vyombo, alibeba maji. Hakuna aliyemshuku kwa lolote. Waliokuja walimsifu, wakasema fundi huyu ana moyo, ameacha kazi zake. Kila aliposifiwa aliinama zaidi juu ya sufuria. Alikuwa ameelewa jambo moja ambalo lilimtisha: kama angenyamaza, lingekwisha hapo. Mama angebaki mwanamke aliyerukwa na akili asubuhi aliyofiwa, na mwenyewe angeamini hivyo.

5

Alirudi wiki moja baada ya mazishi, asubuhi, mkoba begani.

Mama Atuganile alikuwa peke yake mezani, miwani imelala mbele yake juu ya kitambaa.

"Sitaki kuivaa," alisema, alipoitambua sauti. "Nikivaa namwona. Amekaa pale. Namwona hata sasa hivi nikitaka. Wanasema ni huzuni, itapita."

"Si huzuni, mama."

Akamwambia. Alianza na nukta ya njano, maana hapo ndipo ilipoanzia, akaja kwenye waya wa simu, banda la kuni, ini, Jumapili ya pili. Akamwambia jinsi alivyochagua nini kichorwe na nini kisichorwe. Alipofika kwenye sweta alisimama, kisha akaendelea. Hakusema kwamba aliombwa ila mara moja, na aliposema alijisikia kama anayejificha nyuma ya maiti, akaacha.

 Alipomaliza, matone ya ukungu yalisikika yakidondoka kutoka kwenye migomba.

"Nilimshika kifundo cha mkono," mama akasema hatimaye. "Kilikuwa kama cha mtoto. Mkono wangu ulijua. Nikauambia mkono wangu kwamba ni mjinga."

"Nisamehe, mama."

"Sikusamehe leo. Siku nyingine, labda. Leo nakuhitaji." Alinyoosha mkono. "Weka waya wangu."

Subilaga alizima, akachomoa waya wa kati, akachomeka ule mnene, akawasha kisanduku, akahesabu, akawasha kompyuta. Akafuta kila amri aliyoiandika siku ile. Akairudisha nukta ya njano. Mama akavaa miwani, akageuza kichwa polepole. Alitazama kiti. Alikitazama kwa muda, na Subilaga aliona mabega yake yakishuka. Kisha akatazama kalenda yenye mwezi uliopita, utando wa buibui juu ya dirisha, mikono yake mwenyewe.

"Hayupo," alisema.

"Hayupo, mama."

"Sawa. Sasa, kamera ziliona. Umesema mashine ndiyo iliyokuwa inachora, lakini kamera zenyewe, hizi hapa, zilimwona alivyo. Si ndiyo?"

Subilaga alikuwa ameomba Mungu asifikirie hilo.

"Ziliona."

"Na picha huwa zinahifadhiwa. Wewe mwenyewe uliniambia. Nionyeshe. Nataka kumwona mume wangu alivyokuwa akiniangalia mwishoni. Hata kama anatisha."

"Hazipo, mama. Nilizifuta."

"Zote?"

"Zote za siku zile. Na baada ya hapo niliizuia mashine isihifadhi. Ili usijue."

Kwa mara ya kwanza Mama Atuganile alitoa sauti, sauti fupi, kama mtu aliyekanyaga mwiba. Aliinuka, akaenda hadi dirishani, akasimama amempa mgongo. Subilaga alidhani atafukuzwa, na alitamani afukuzwe.

"Bupe alimwona akiwa amekufa," mama alisema bila kugeuka. "Madaktari simjui hata mmoja. Wengine aliwakwepa, hakutoka nje. Kwa hiyo ni wewe. Wewe ndiye uliyemwona. Njoo ukae hapa."

Akakaa. Mama akavuta stuli, akaketi mbele yake, magoti yao yakikaribia kugusana. Akavua miwani, akaiweka mapajani.

"Nieleze. Macho yalikuwaje?"

"Yalikuwa manjano, mama."

"Manjano yako mengi. Miaka thelathini nimetenganisha manjano. Yapi? Kama kiini cha yai?"

Subilaga alifumba macho ili aone vizuri. "Hapana. Kiini kimekolea mno. Ilikuwa kama ganda la ndizi inayoanza kuiva. Kuna ukijani chini yake."

Mama aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama aliyepima kitu kiganjani akakuta uzito ndio ule. "Mashavu?"

"Yalikuwa yamebonyea. La kushoto zaidi. Kulikuwa na mkunjo kutoka hapa," akauchukua mkono wa mama, akauweka kwenye shavu lake mwenyewe, akauteremsha, "hadi hapa."

"Ndevu alikuwa ananyoa?"

"Alikuwa amenyoa, lakini alijikata chini ya kidevu. Mkono ulikuwa unatetemeka, nadhani."

"Mdomo?"

Hapo Subilaga alisita. Aliona kwamba angeweza kusema lolote. Angeweza kusema alikuwa anatabasamu, anamtazama mkewe akirudi na maparachichi, amejaa furaha. Lingekuwa jambo jema kumpa mtu. Lingeingia mahali palipo wazi na kukaa pale maisha yote, na hakuna kamera duniani ambayo ingelibisha.

"Ulikuwa mkavu," alisema. "Umepasuka pembeni. Ulipokuja na matunda ukamtazama, hakutabasamu, mama. Sauti yake ilikuwa inacheka, lakini uso haukucheka. Alionekana kama mtu anayeogopa kukamatwa."

 Machozi yalimtoka Mama Atuganile, hakuyafuta.

"Huyo ni yeye," alisema. "Ndivyo alivyokuwa kila akinificha jambo. Ningemjua palepale."

Alijisogeza karibu zaidi, akaweka viganja vyote viwili usoni mwa Subilaga, kimoja kila upande, akafumba macho.

"Anza upya," alisema. "Taratibu. Anzia kwenye paji la uso."